Pilipili Usiyoila

Katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, hasa mwezi wa michango, hutokea mtu akauliza fedha za muhula uliopita zilitumikaje. Huuliza kwa adabu. Salamu zake pengine ni ndefu kuliko swali lenyewe. Jibu la kwanza huwa si hesabu. Huwa ni: "Jamani, tusilete uanaharakati humu." Baada ya hapo humiminika picha za vikombe vya chai na maua ya kutakiana asubuhi njema, swali linapanda juu mpaka halionekani tena, na mhazini hahangaiki kutafuta risiti. Aliyeuliza, ambaye maisha yake yote hajashika bango wala kukanyaga semina, amekwisha kuwa mwanaharakati. Wala hakupandishwa cheo.

Neno hilo limetoka mbali, na lilikotoka lilikuwa na heshima. Anayekumbuka masomo yake ya historia na uraia anajua kwamba harakati zilikuwa za kudai uhuru, na walioshiriki walipewa majina ya barabara. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa Tanganyika katika TANU, anayo yake katikati ya Dar es Salaam. Kati ya TANU na barabara alipitia pia hukumu ya uhaini, lakini vibao vya barabara huwa vifupi. Kamati ya Ukombozi ya OAU iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na vyama vya kusini mwa Afrika vikapata hapa ofisi, kambi na redio. Vijana wa ANC waliosomeshwa Mazimbu, Morogoro, walikuwa wageni wa taifa, na hakuna aliyewauliza nani anawafadhili. Jibu lilijulikana, na lilikuwa sehemu ya fahari yetu.

Mkoloni ndiye aliyekuwa na majina mengine. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kwa serikali ile alikuwa mchochezi. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na wachochezi wenzake wakaandikwa upya kuwa wapigania uhuru. Makosa ya uchochezi hayakufutwa katika vitabu vya sheria. Yalibaki palepale yakisubiri wateja wapya.

Mwanaharakati kama mtu aliye hai, mwenye ofisi na namba ya simu, ni wa miaka ya 1990. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kiliundwa mwaka 1987, mtandao wa jinsia, TGNP, mwaka 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. TGNP ilifungua viwanja vyake vya Mabibo kila Jumatano kwa semina ambazo yeyote angeweza kuingia, na waliokuwa wakienda walijiita wanaharakati bila kuinamisha macho. Serikali nayo iliwahitaji. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, isingepita kama isingekuwa kelele za waandishi na wanasheria wanawake. Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ziligombewa kifungu kwa kifungu na watu haohao. Mawaziri walikuja kufungua makongamano yao, wakasifu, wakapiga picha.

Ila hata katika miaka hiyo sifa ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana mapema. Katikati ya muongo huo liliundwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilikusudia kuwa la wanawake wote, nje ya chama chochote, na likaanza kuwaeleza wanawake wapime wagombea kwa wanachosema kuhusu maji, ardhi na elimu. Mwaka 1996 lilisimamishwa, mwaka uliofuata likafutiwa usajili. Shutuma kubwa ilikuwa kwamba linaendeshwa kama chama cha siasa. Kesi ilifunguliwa mwaka 1997 na Mahakama Kuu ikatoa hukumu mwaka 2009, ikasema serikali ilikosea. Miaka 12. Baraza lilikwisha kufa zamani, lilishinda likiwa kaburini. Tibaijuka mwenyewe alikwenda kuongoza UN-Habitat, akarudi, na mwaka 2010 akawa mbunge wa CCM na Waziri wa Ardhi. Mtu yuleyule, na sidhani kama mawazo yake kuhusu mwanamke na ardhi yalibadilika sana njiani. Kilichobadilika ni kiti alichokalia, na alipokikalia hakuna aliyemwita mwanaharakati tena.

Hapo ndipo fumbo zima lilipo. Tunapenda kusema kwamba neno "limechafuka", kama kwamba maneno hupata vumbi yakiachwa nje. Ukifuatilia nani aliitwa hivyo, lini na na nani, unaona kwamba halikuchafuka lenyewe. Lilipewa kazi. Mwaka 2005 asasi ya HakiElimu ilitoa ripoti na matangazo ya redio na televisheni yaliyoonyesha madarasa yaliyojaa na walimu wasiotosha. Wizara ya elimu ikaipiga marufuku kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Matangazo yale hayakuwa na siri yoyote. Mzazi yeyote mwenye mtoto shule ya msingi angeweza kuyasimulia bila msaada wa televisheni. Mzazi akisema darasa lina watoto wengi, huo ni uchungu wa mzazi na anaahidiwa madawati. Shirika likikusanya maneno ya wazazi wa mikoa mingi likayaweka pamoja, inakuwa tabia mbaya.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu tusi halishiki pasipo pa kushika. Wanaharakati wenyewe walisaidia. Ingia ukumbi wa hoteli yoyote ya mjini katika miaka ile ya neema. Ukutani kuna bango la plastiki lenye nembo za wafadhili. Mezani chupa ya maji, kalamu, daftari dogo na peremende. Mada ni kumjengea uwezo mwanamke wa kijijini. Mwanamke wa kijijini hayupo. Yupo aliyeandika andiko la mradi, na yupo aliyetumwa na halmashauri kumwakilisha mkurugenzi ambaye naye alipaswa kumwakilisha mkuu wa wilaya. Saa nne chai na sambusa. Saa saba wali, kuku na majadiliano ya vikundi juu ya wali na kuku. Kisha fomu inapita, ina safu ya jina, safu ya saini na safu ya kiasi. Saa tisa na nusu ukumbini wamebaki mtoa mada na fundi wa vipaza sauti, na maazimio yanasomwa kwa wawili hao. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na katika semina hizo asiyekuwepo alikuwa karibu kila mara yuleyule.

Issa Shivji, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa asasi ya HakiArdhi na hawezi kuitwa adui wa jambo hili, aliandika katikati ya miaka ya 2000 kitabu kizima kuhusu ukimya wa mashirika haya: kwamba yanatenganisha utetezi na siasa, yanageuza mapambano kuwa miradi, na yanawajibika kwa aliyetoa fedha kabla ya kuwajibika kwa wananchi yanaowasemea. Lilikuwa karipio la ndugu. Wengine waliliokota na kulitumia kama rungu, bila kusoma kurasa zilizosema dola nayo inapaswa kuulizwa.

Maana kuna jambo moja la kuchekesha katika hoja ya fedha za nje. Bajeti ya serikali kwa miaka mingi ilibebwa na wafadhili walewale, na semina za serikali zina bango lilelile, sambusa ileile na fomu ileile. Sijasikia mkurugenzi wa idara akiambiwa ametumwa na Wazungu kwa sababu gari lake lina nembo mlangoni.

Miaka ya Magufuli ndiyo iliyoyakusanya yote haya na kuyapa msamiati mmoja. "Mabeberu", neno la mapambano ya ukombozi, lilitolewa stoo likafutwa vumbi, safari hii likielekezwa ndani. Februari 2017, chama cha mawakili TLS kilipokuwa kinaelekea kumchagua Tundu Lissu kuwa rais wake, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, alitishia kukifuta kikijiingiza katika siasa. Mawakili walimchagua vilevile. Aliyeongoza TLS mwaka 2018 alikuwa Fatma Karume, mjukuu wa rais wa kwanza wa Zanzibar na binti wa rais wa sita. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimsimamisha uwakili kutokana na maneno aliyoyaandika katika hoja za kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu. Ikiwa ukoo ule hautoshi kumfanya mtu awe mwananchi wa kawaida mwenye maoni, sijui ukoo upi utatosha.

Na bado, katika miaka hiyohiyo, alikuwapo mtu aliyezunguka na jina hilo kifua mbele. Cyprian Musiba alijitambulisha mbele ya kamera kama "mwanaharakati huru", akaitisha mikutano ya waandishi na kuwataja wastaafu na wanasiasa aliowaita maadui wa rais. Hakuna waziri aliyemwambia aache uanaharakati. Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimshitaki kwa kashfa, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi bilioni 6. Kwa mchambuzi wa lugha, Musiba ni zawadi. Anathibitisha kwamba neno lenyewe halikuwa na kosa. Kilichotazamwa ni mdomo umeelekea wapi.

Lakini matusi ya majukwaani hupita na wasemaji wake. Yanayodumu ni yale yanayoingia kwenye sheria, na hapa lazima tusimame kidogo.

Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Haisemi "kila aliyeumizwa". Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma aliitafsiri hivyo kwa upana: katika nchi ambayo wengi ni maskini na hawajui haki zao, anayesimama kwa niaba yao asifukuzwe mlangoni kwa kuwa yeye binafsi hajapigwa. Mlango huo ndio alioupitia Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Gyumi alikuwa mwanasheria mtu mzima. Hakuna aliyekuwa anataka kumwoza. Alifungua kesi kwa ajili ya wasichana ambao wasingeweza kuifungua, kwa kuwa mtoto wa miaka 14 aliyeolewa hana nauli ya kufika Mahakama Kuu, achilia mbali wakili. Mwaka 2016 alishinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo Umoja wa Mataifa ulikuwa umemtunuku tuzo ya haki za binadamu.

Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria inayosimamia kesi za haki za msingi. Kuanzia hapo, anayefungua shauri alitakiwa aambatanishe kiapo kinachoeleza jinsi uvunjaji wa haki ulivyomgusa yeye binafsi. Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Walikuwa wanawakanya wambea. Bunge likaichukua methali hiyo ya barazani na kuifanya sharti la mahakama. Chini ya sharti hilo Gyumi angetakiwa kwanza awe na miaka 14, aolewe, kisha aape. Kesi ya kuyapinga marekebisho hayo ilifunguliwa na Onesmo Olengurumwa, mratibu wa mtandao wa watetezi wa haki za binadamu, na ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Nani mwingine angeifungua?

Huko ndiko tusi lilikokuwa linaelekea muda wote. Mwananchi na mwanaharakati wote ni wana: mmoja wa nchi, mwingine wa harakati. Kwa kuwatenga, malalamiko ya nchi yanabaki bila miguu. Mwananchi anayelia peke yake serikali inajua jinsi ya kumshughulikia. Atapewa pole, ahadi na ziara ya mkuu wa mkoa. Anayekusanya vilio vya watu ishirini na kuviandika kwenye karatasi moja ndiye asiyejulikana afanywe nini, kwa hiyo anavuliwa uwananchi kwanza. Juni 2022, vigingi vya mpaka viliposimikwa Loliondo kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500 na wakazi wakapinga, lawama zilielekezwa kwa wanaharakati na mashirika. Mfugaji aliyezaliwa pale, na babu yake pale, alijifunza kwenye taarifa ya habari kwamba ametumwa.

Kuna kipimo kizuri cha jambo hili. Mwaka 2023, mkataba wa bandari na Dubai ulipozua mjadala, mawakili waliokwenda mahakamani Mbeya na waliousema hadharani walipewa jina lile la kawaida, na baadhi yao walikamatwa. Agosti mwaka huohuo maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa tamko la kuupinga, likasomwa makanisani Jumapili. Hoja nyingi zilikuwa zilezile. Jina likakwama kooni. Ni vigumu kumwita mwanaharakati mtu ambaye wiki ijayo atakuja kubariki ndoa ya mtoto wako.

Majirani wa Kenya walipita njia hii kabla yetu, tena kwa mwendo wa kasi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo refu lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimdhihaki. Mwaka 1992 alikuwa pamoja na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyo wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Kisha KANU ikashindwa mwaka 2002, na waliokuwa wakikimbizwa na polisi wakapewa ofisi: Maathai akawa waziri msaidizi, John Githongo akatoka Transparency International akaingia Ikulu kupambana na rushwa, Kivutha Kibwana akaingia Bunge. Sifa haikuwahi kupanda juu zaidi ya hapo. Miaka kumi tu baadaye, kesi za Uhuru Kenyatta na William Ruto zikiwa The Hague, wafuasi wao waliyachezea maneno ya Kiingereza na civil society ikawa evil society, asasi za uovu. Mwaka 2013 serikali ilipeleka Bungeni pendekezo la kuzuia mashirika yasipokee zaidi ya asilimia 15 ya fedha zake kutoka nje, na Bunge likalikataa. Mwaka 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga muswada wa fedha, lawama ilitua kwa Ford Foundation, ambayo ilikana. Vijana wenyewe walikuwa wanachangishana kwa M-Pesa.

Mtu mmoja ameyabeba mabadiliko haya yote mgongoni. Willy Mutunga aliwekwa kizuizini na serikali ya Moi, akaja kuongoza Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo licha ya jina lake ni asasi ya kiraia. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Machi 2013 mahakama aliyoiongoza ilitupa shauri la kupinga ushindi wa Kenyatta, na miongoni mwa walalamikaji walikuwa wenzake wa jana wa shirika la AfriCOG. Siku hiyo hakuna aliyekuwa serikalini aliyemwita mwanaharakati. Mei 2025 alifika Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, akazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao, siku moja baada ya Martha Karua, waziri wa sheria wa zamani, kufanyiwa vivyo hivyo. Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba wanaharakati wa nje wasipewe nafasi ya kuja kuvuruga hapa. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokuja kwa kesi hiyohiyo, walikamatwa, wakatupwa mpakani siku chache baadaye, na wakasema waliteswa. Jaji Mkuu mstaafu anayekuja kusikiliza kesi katika mahakama ya wazi ana majina mengi yanayomfaa. Lililotumika lilichaguliwa kwa sababu halihitaji maelezo zaidi.

Ombi langu ni kwa wahariri, kwa kuwa vyumba vya habari ndivyo vinavyolibeba neno hili kila siku bila kulipekua. "Wanaharakati wacharuka" si kichwa cha habari. Hakimwambii msomaji nani anadai nini wala kwa sababu gani. Ikiwa ni wakili, andikeni wakili. Ikiwa ni mfugaji wa Loliondo, andikeni mfugaji wa Loliondo. Nafasi itakayobaki kwenye sentensi itumieni kueleza anachodai na kifungu cha sheria anachokitaja, ili waziri akipigiwa simu aulizwe kuhusu hicho.